Usikimbilie Kumuuzia Mteja Mita Nzima ya Dashibodi

Leo naweka mezani msimamo wangu ambao wauza spea wengi wa mtandaoni hawaupendi. Mteja akikuandikia anataka mita ya dashibodi, usimtajie bei kwanza. Muulize maswali, muelekeze ajaribu kuitengeneza ile aliyonayo hapo hapo nyumbani kwake, na mita nzima muuzie pale tu ambapo hakuna njia nyingine. Na ukimuuzia, mwandikie kilometa.

Najua umeshaanza kusema "sasa huyu anatufundisha kufukuza wateja". Tulia, twende taratibu.

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Nikisema mita nina maana ya kile kipande chenye mshale wa spidi, geji ya mafuta, geji ya joto na taa za tahadhari. Magari mengi kinakaa mbele ya dereva, mengine kama Vitz za kwanza kinakaa katikati. Wapo wanaokiita spidomita, wapo wanaosema saa za dashibodi, na wapo wanaosema "dashibodi" tu, wakati dashibodi ni lile plastiki lote la mbele. Kwa hiyo somo la kwanza ni dogo: omba picha kabla ya kitu chochote. Hapo utaepuka ugomvi wa mzigo usio sahihi.

ANACHOOMBA SICHO KINACHOMSUMBUA

Meseji huwa inakuja hivi: "Kaka una dashibodi ya Noah? Bei gani?" Huyu mtu hana shida ya dashibodi. Shida yake ni kwamba kuna kitu hakisomi, na mtu kamwambia "mita imekufa". Mimi namrudishia maswali matatu.

La kwanza: kimekufa kimoja au vyote? Kama geji ya mafuta peke yake haisomi na mengine yako vizuri, mara nyingi tatizo lipo kwenye boya la ndani ya tanki au waya wake. Kama geji ya joto peke yake haisomi, angalia sensa ya joto kwenye injini. Kama spidi haisomi na kilometa hazihesabu, angalia sensa ya spidi kwenye gia boksi, au kebo kwa yale magari ya zamani yenye kebo. Lakini vikifa vyote kwa pamoja, anza na fyuzi na waya wa ethi kabla hujaigusa mita. Kwenye Toyota nyingi za miaka ya 90 na 2000, fyuzi yake imeandikwa GAUGE kwenye mfuniko wa boksi la fyuzi. Fyuzi ni shilingi ngapi? Hata hela ya soda inatosha.

La pili: ukiweka ufunguo kwenye ON bila kupiga stata, taa za tahadhari zinawaka? Taa ya oili, ya betri, ya injini, zote zinatakiwa ziwake hapo, halafu injini ikiunguruma zizime. Taa ambayo haiwaki kwenye ON ina uwezekano mkubwa glopu yake imeungua, au kuna mtu kaitoa makusudi.

La tatu: umeigusa ile rola au kitufe cha kupunguza mwanga? Usicheke. Nina wateja waliotaka kununua mita nzima kwa sababu "usiku haionekani", kumbe mtoto alichezea kile kirola cha mwanga kikashuka hadi mwisho.

Maswali matatu haya yanachukua dakika kumi za WhatsApp. Mteja wangu mmoja wa Dodoma, anasambaza vinywaji kwa Probox, alikuwa tayari ameshatuma hela. Nikamwambia subiri, fungua boksi la fyuzi kwanza. Fyuzi ilikuwa imekatika, na alipoibadilisha ikakatika tena, kwa hiyo tukajua kuna waya unagusa mahali. Fundi umeme wa pale pale mtaani akaukuta nyuma ya redio iliyofungwa wiki ile. Ningemtumia mita, angeifunga, isingewaka, na mimi ningekuwa ndiye "tapeli wa mtandaoni".

KAZI ANAYOIWEZA MTEJA NYUMBANI

Hapa ndipo wauzaji wengi mnapoogopa, eti mambo ya dashibodi ni ya fundi tu. Yapo ya fundi, nitayataja. Lakini kubadilisha glopu za mita ni kazi ya Jumapili mchana kwa mtu mwenye bisibisi na subira. Mimi nina maelekezo yangu nimeyaandika mara moja, nayatuma kwa kila anayenunua glopu:

1. Piga picha mita ikiwa inawaka, kilometa zionekane. Picha hii itakuja kukusaidia, usiiruke.

2. Zima gari, toa ufunguo, fungua waya wa hasi wa betri. Subiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa chochote. Muda huu ni kwa ajili ya mfumo wa mifuko ya hewa ya usalama, umeme wake uishe. Saa na stesheni za redio zitafutika, na kama redio yako ina namba ya siri, hakikisha unayo.

3. Toa fremu ya plastiki inayozunguka mita. Nyingi zimeshikwa na klipu. Tumia kijiko cha plastiki au kipande cha mti mwembamba, sio bisibisi tupu, itachuna. Plastiki ikiwa imekaa kwenye baridi inakuwa ngumu na inavunjika, ni bora gari likae juani kidogo.

4. Fungua skrubu za mita, kwa kawaida tatu au nne. Ivute mita taratibu, geuza, bonyeza ulimi wa soketi ndipo uvute. Ushike mwili wa soketi, usivute waya.

5. Nyuma utaona vishikizo vya glopu. Zungusha robo duara kinatoka. Toa kimoja kimoja na ukumbuke kilipotoka, maana glopu za mwanga na glopu za tahadhari zinaweza kuwa za saizi au nguvu tofauti.

6. Usiguse uso wa namba kwa vidole, na using'oe mshale. Mshale uking'olewa na kurudishwa kwa kukadiria, spidi itakayosomeka ni ya uongo.

7. Kioo cha plastiki kikiwa na vumbi, futa kwa kitambaa laini chenye maji kidogo ya sabuni. Petroli na thina hapana, zinafanya plastiki iwe na ukungu na nyufa.

8. Kabla ya kurudisha skrubu zote, chomeka soketi, rudisha betri, weka ufunguo kwenye ON. Taa zote ziwake. Ndipo ufunge.

Kuna neno la ziada kwa mnaouza taa za LED. LED ina upande, ukiifunga haiwaki, itoe uigeuze. Na kwenye taa ya chaji ya betri, kuweni makini. Kwenye baadhi ya magari ya zamani, umeme unaopita kwenye glopu hiyo ndio unaoiamsha alteneta ianze kuchaji. Ukiweka LED inayopitisha umeme kidogo sana, alteneta inaweza isichaji mpaka mtu akanyage mafuta sana, au isichaji kabisa. Hapo acha glopu ya kawaida. Muuzaji anayejua jambo dogo kama hili mteja hamsahau.

Anayejua kuchomea risasi anaweza kwenda hatua moja mbele. Mita inayowaka ukiigonga na kuzima ukiiacha, mara nyingi ina pini zilizolegea kwenye ubao wa ndani. Ukiangalia kwa makini unaona ufa mwembamba wa duara kuzunguka pini. Risasi mpya kidogo inamaliza kazi.

Hata Marekani watu wamefanya biashara nzima hapo. Magari ya General Motors ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 yalijulikana kwa mishale kugoma, gari limesimama mshale unaonyesha spidi 60. Kinachokufa ni vimota vidogo nyuma ya mishale. Kampuni yenyewe iliongeza udhamini wa mita kwa baadhi ya magari hayo hadi miaka 7 au maili 70,000. Wauzaji wadogo wa mtandaoni wao wakaona nafasi: wakafunga pakiti zenye vimota vya aina ya X27.168, risasi na glopu, pamoja na maelekezo, mtu anajitengenezea mezani kwake. Waliuza vipande vidogo na maarifa, mita nzima ikabaki kwenye gari.

MPAKA UKO WAPI

Kumfundisha mteja sio kumtosa. Kuna mambo nakataa kumuelekeza kwa simu hata akinibembeleza. Taa ya mifuko ya hewa ikiwaka muda wote, hiyo ni kazi ya fundi mwenye kifaa cha kusoma makosa. Kuificha kwa kutoa glopu ni kumpeleka mtu barabarani bila kinga huku anaamini anayo. Mita za kioo cha kidijitali zilizozima kabisa, fundi wa elektroniki. Na baadhi ya magari, kama Volkswagen nyingi za mwishoni mwa miaka ya 90 na kuendelea, mita imefungamanishwa na ulinzi wa wizi wa gari. Ukiibadilisha hovyo gari haliwaki kabisa. Ukiuza mita ya gari kama hilo bila kusema hivyo, umemuuzia mtu kesi.

Na tafadhali, wale wanaoomba "glopu ya taa ya injini itolewe kabla sijauza gari", mimi siwahudumii. Taa ya oili au ya injini isiyowaka inaua injini ya mtu mwingine kimya kimya. Huyo mtu mwingine anaweza kuwa mteja wako wa kesho.

SASA TUJE KWENYE KILOMETA

Hapa ndipo hoja yangu ilipo. Ukimuuzia mtu mita used, humuuzii plastiki na taa tu. Unamuuzia historia ya gari lingine. Mita za kielektroniki zinahifadhi kilometa kwenye chipu ndogo ya kumbukumbu ndani ya mita yenyewe. Ukiitoa kwenye gari lililotembea 72,000 na kuifunga kwenye gari lililotembea 160,000, gari limepungua umri wa 88,000 kwa nusu saa. Hakuna aliyekusudia wizi, lakini uongo umeshaanza kutembea.

Madhara yake? Chukua gari lenye taimingi belti ya mpira. Kwa Toyota nyingi za aina hiyo belti inabadilishwa kila kilometa 100,000. Atakayelinunua gari hilo akisoma 72,000 atasema bado nina muda. Ikikatika, kwenye baadhi ya injini pistoni zinagonga valvu, na hapo tunaongelea injini nyingine. Kinyume chake pia kipo: gari la 90,000 ukalifunga mita ya 210,000, umemshushia mwenye gari bei ya gari lake siku atakayotaka kuuza.

Marekani wana sheria ya shirikisho kuhusu hili tangu mwaka 1972. Mita ikitengenezwa au kubadilishwa, namba inatakiwa ibaki ile ile. Ikishindikana, inawekwa sifuri, na kibandiko kinabandikwa kwenye fremu ya mlango wa kushoto, upande wa dereva wao, kikieleza kilometa zilizokuwepo na tarehe ya kazi. Nilipolisoma hilo niliona halihitaji serikali. Kibandiko ni karatasi tu. Tangu hapo kila mita ninayouza inaondoka na kibandiko chenye mistari mitatu:

Mita imebadilishwa tarehe...
Mita ya zamani ilisoma kilometa...
Mita hii ilisoma kilometa... siku ilipofungwa.

Mteja anajaza, anabandika kwenye fremu ya mlango wa dereva, ananitumia picha. Namba hizo hizo naziandika kwenye risiti. Kama mita ya zamani imezima kabisa na haisomeki, tunatumia kadi ya oili ya mwisho na tunaandika "takribani". Mteja akitaka fundi aiandike namba ya kweli kwenye chipu, sawa, kwa ushahidi wa ile picha ya kwanza niliyosema usiiruke. Lakini nakumbusha: kifaa kinachoandika namba ya kweli ndicho hicho hicho kinachoandika ya uongo. Bila picha wala karatasi, mimi simo.

Kuna mwenzetu ataniambia "mteja mwenyewe anataka zipungue, mimi nani nimkatalie?" Wewe ni muuzaji unayetaka kuwepo mwakani. Hapa Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mteja katika biashara, na wewe ushahidi wako wote uko kwenye simu: meseji, picha, miamala. Halafu njia ya mwongo ni fupi. Gari likiuzwa, mnunuzi akakuta kadi ya zamani ya oili imeandikwa 155,000 na mita inasoma 80,000, swali la kwanza ni "mita ulinunua wapi?" Jina lako linatajwa, namba yako ipo kwenye ukurasa wako, na skrini yako inapigwa picha.

"SASA UTAKULA NINI?"

Swali la haki. Tupige hesabu ya mfano, weka namba zako mwenyewe. Tuseme mita used unainunua 55,000 na kuiuza 90,000. Faida 35,000. Pakiti ya glopu kumi unaipata kwa 6,000 na kuiuza 15,000. Faida 9,000. Kwa kuangalia haraka, mimi ni mjinga.

Sasa weka na vingine. Mita ikirudi kwa sababu tatizo lilikuwa fyuzi, unarudisha 90,000, mnagombana kuhusu nauli ya basi ya kwenda na kurudi, na mita inarudi na klipu zimevunjika. Mita moja ikirudi inakula faida ya mita mbili zilizouzwa vizuri. Pakiti ya glopu hairudi, inaingia kwenye bahasha, na wanne wakinunua umeshaipita ile 35,000. Mita yako bado ipo stoo inamsubiri anayeihitaji kweli, na huyo habishani bei kwa sababu ameshajaribu yote mengine.

Na yule uliyemwambia "usinunue, angalia fyuzi" harudi peke yake. Anarudi akitaka brek pedi, plagi, fani belti, na anakuja na shemeji yake mwenye Noah. Mtandaoni mteja hawezi kushika mzigo wala kukuona uso. Kitu pekee anachoweza kukipima ni maneno yako.

Wale mnaosema "nikifundisha ataenda kununua Gerezani kwa bei ya chini" nawaelewa. Wapo watakaoenda. Hao wangeenda tu.

JINSI YA KUANDIKA POSTI YA MITA

Ukifika hatua ya kuuza mita nzima, weka haya kwenye posti yako:

- Aina ya gari, mwaka, injini, na kama ni otomatiki au manyuo.
- Namba ya kipuri yote kama ilivyo. Kwa Toyota mita huanza na 83800, lakini tarakimu zinazofuata ndizo zinazotofautisha. Soketi zinaweza kufanana na mpangilio wa waya ukawa tofauti.
- Picha ya mbele, picha ya nyuma inayoonyesha soketi, na kilometa ilizobeba. Kama huzijui, andika "kilometa hazijulikani". Usiache kimya.
- Imejaribiwa au haijajaribiwa. Kama ina mshale mmoja usiosoma, sema.
- Masharti ya kurudisha, kwa maneno mafupi, kabla hela haijatumwa.

Kama wewe huuzi spea, unauza vioo vya simu, blenda au vyerehani, badilisha jina la bidhaa tu. Mwenye blenda iliyogoma huenda anahitaji kisu chake au raba, sio blenda nyingine. Bidhaa used ina historia, na historia hiyo ni sehemu ya kile unachouza. Ukiificha, umeuza nusu na kuchukua hela ya nzima.

Huo ndio msimamo wangu. Anayeona nimekosea kwenye hesabu aje na hesabu yake, tujadili kwa heshima. Na kama una mteja anayesubiri bei ya mita sasa hivi kwenye simu yako, mjibu hivi: "Ndugu, weka ufunguo kwenye ON, niambie taa gani zinawaka."